Mlango wa Nyuma wa Motokaa Kuukuu

Ndugu msomaji, ikiwa una motokaa kuukuu ya zile zilizoinuka juu, ambayo mlango wake wa nyuma hufunguliwa kwa kuinuliwa, nakuomba ufanye jambo moja mara umalizapo kusoma habari hii. Nenda ukaufungue mlango huo mpaka mwisho. Simama kando yake, wala si chini yake, uutazame kwa muda wa dakika 5. Je, umekaa pale pale ulipouacha? Au umeanza kushuka polepole kama mtu anayesinzia ibadani? Ukishuka, ujue kwamba maneno haya ni yako.

Nasema mlango wa kuinuliwa, maana motokaa zote si sawa. Mwenye Toyota Prado ya miaka ya 1990 au ya 2000 hufungua mlango wake kwa upande, kama mlango wa nyumba, na RAV4 za zamani ni vivyo hivyo. Hao hawana shida hii. Lakini Nissan X-Trail ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, mlango wake wote huenda juu, na Toyota Harrier kadhalika. Tena ziko Land Cruiser ambazo mlango wao umegawanywa mara mbili, nusu ya juu hupanda na nusu ya chini hushuka. Motokaa za namna hizi zimejaa katika njia zetu, na nyingi zilifika kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi huko.

Ukitazama kushoto na kulia kwa mlango uliofunguliwa, utaona mabomba mawili membamba meusi, na katika kila moja umetoka ufito wa chuma unaong'aa. Mafundi wetu huziita shokapu za mlango wa nyuma, au shokapu za buti. Jina hilo hupoteza watu kidogo. Shokapu ya gurudumu kazi yake ni kutuliza mtikisiko, lakini hizi kazi yake ni kubeba. Mlango wa nyuma wa motokaa ya namna hii, pamoja na kioo chake na mota ya waipa yake, waweza kupita kilo 30. Mzigo huo wote, kila ufunguapo, umening'inia juu ya kisogo cha mtu anayeinama kutoa kapu.

Nataka nieleze jinsi zinavyofanya kazi, maana asiyejua kilichomo ndani ya bomba lile aweza kujiumiza vibaya, kama nitakavyosema mbele. Ndani imefungwa gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha. Gesi hiyo imeshindiliwa kwa nguvu nyingi mno. Chukua penseli tufanye hesabu pamoja. Tuseme shokapu yako ina ufito wenye unene wa milimita 10, na juu ya bomba imeandikwa 400N. Herufi N ni kifupi cha Newton, kipimo cha nguvu, na Newton 400 ni kama uzito wa kilo 41. Gesi inausukuma ufito utoke nje, na eneo inalolisukuma ni upana wa mkato wa ufito tu, yaani milimita za mraba 78 na nusu. Ukigawanya, utaona kwamba ndani ya bomba mna mgandamizo upatao mara 50 wa hewa iliyo nje. Kwa kipimo cha wajaza upepo ni kama PSI 740. Gurudumu lako lina PSI 32 hivi, nawe hukubali kulikaribia linapopasuka!

Labda utauliza: Shokapu mbili za kilo 41 ni kilo 82, na mlango haufiki uzito huo, nguvu yote hiyo ni ya nini? Jaribu kuufunga mlango wa chumba kwa kuusukuma karibu kabisa na bawaba. Utaona shida yake. Shokapu hizi zimefungwa karibu na bawaba, nao uzito wa mlango uko mbali, kwa hiyo yapasa zisukume kwa nguvu kupita uzito wenyewe. Ndiyo maana pia hazihitaji kupoteza nguvu nyingi kabla ya mlango kuanza kuanguka.

Sasa niseme yaliyotupata sisi. Parokia ninayofanya kazi ya ukarani iko huku Njombe, na motokaa yetu ni ya mwaka 2003, iliyonunuliwa Dar es Salaam ikiwa imechakaa kiasi. Mwezi wa Januari dereva alikuja ofisini akaniambia mlango wa nyuma umechoka. Nikaandika katika orodha ya mahitaji. Kisha, nilipoona fedha hazitoshi, nikashika kalamu nikaufuta mstari huo kwa mkono wangu mwenyewe. Breki nikaziacha, magurudumu nikayaacha. Shokapu nikazifuta, kwa hoja moja tu: hazizuii safari. Mwezi wa Machi dereva akarudia ombi lake, nami nikarudia jibu langu. Akakata mpini wa jembe, akauweka nyuma ya kiti, na tangu siku hiyo mlango ukategemezwa kwa mpini.

Sisi tuliouzoea mpini tuliona mambo yamekwisha. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baridi imeuma na majani yameganda umande, mama mmoja anayetupikia siku za mikutano aliinama kutoa sufuria kubwa nyuma ya motokaa. Sufuria ikaugusa mpini. Mpini ukateleza. Mlango ukashuka wote, ukampiga kisogoni na begani. Alishonwa nyuzi 4, na bega likamkataza kuinua mkono muda wa majuma matatu, naye ni mtu aishiye kwa kazi ya mikono yake. Nilipokwenda kumpa pole alinikaribisha kiti, akanitazama kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, mimi nilijua ule ni mlango. Sikujua kama ni mtego."

Sikuwa na neno la kumjibu. Shokapu zilinunuliwa juma lile lile, na fedha zilipatikana, ingawa tangu Januari nilikuwa nikisema hazipo.

Kwa nini mlango uliokaa vizuri Dar es Salaam uanguke Njombe? Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulishangaa. Gesi iliyofungwa mahali hupungua nguvu ipoapo. Kutoka joto la digrii 32 pale pwani mpaka digrii 5 za asubuhi ya Juni huku kwetu, shokapu hupoteza karibu sehemu 9 katika 100 za nguvu yake. Shokapu mpya haijali, maana ina akiba. Shokapu iliyochoka, ambayo mchana inaubeba mlango kwa shida, asubuhi inashindwa. Basi ukiona mlango wako unakaa saa nane mchana na kuanguka saa kumi na mbili asubuhi, usiseme umepona kwa kuwa jua limetoka. Pima asubuhi. Na ukinunua motokaa kwa mtu wa pwani, nawe wakaa Makete au Mbeya, usiridhike na ulivyouona mlango siku ya kununua.

Kinachochosha shokapu ni kupotea kwa gesi. Pale ufito unapoingia bombani pana mpira mdogo wa kuzuia gesi na mafuta yasitoke, ambao mafundi huuita sili. Mpira huo huzeeka kwa miaka kama mpira mwingine wowote. Huku kwetu una adui mwingine, ndilo vumbi jekundu la barabara. Vumbi hushika juu ya ufito, na kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, ufito huliburuta mpaka kwenye sili. Kwa hiyo mwoshapo motokaa, futeni ufito kwa kitambaa kikavu na safi. Msiupake grisi. Najua wengi hupaka wakidhani wanausaidia, lakini grisi hukusanya vumbi mara mbili. Tena msiruhusu mtu kuushika ufito kwa koleo, hata kwa dakika moja. Koleo hukwaruza, na mkwaruzo mdogo usioonekana vizuri kwa macho huikata sili kila upitapo. Ukiona mafuta yamechirizika juu ya ufito, basi sili imekwisha kufa.

Wako mafundi watakaokuambia kwamba gesi hujazwa upya. Labda hujazwa, lakini sili ni ile ile iliyoivujisha ya kwanza, na mimi siwezi kukushauri kutia fedha hapo.

Haya, sasa kununua. Nunua mbili, hata kama moja yaonekana nzima. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili, mlango husukumwa kwa nguvu zisizolingana, unajipinda, na mwisho wake ni mpira wa mlango kupitisha maji na vumbi pembeni. Kabla ya kwenda dukani, soma maandishi yaliyo juu ya bomba la zamani: namba ya kiwanda, na ile namba yenye herufi N. Yakiwa yamefutika, pima urefu. Pima ufito ukiwa umetoka wote, kutoka katikati ya ncha moja mpaka katikati ya ncha ya pili. Usikisie. Iliyo fupi itaufanya mlango usifike juu, na warefu wote wa nyumbani watagonga vipaji vya nyuso. Iliyo ndefu yaweza kufika mwisho wa kuingia kabla mlango haujafungwa, nawe ukiulazimisha, kitapinda chuma au kitavunjika kioo.

Jihadhari pia na muuzaji anayekuambia, "Chukua hii yenye N nyingi, ndiyo imara." Nguvu kupita kiasi si faida. Mlango utaruka juu utakapofyatua kitasa, na kama umesimama karibu utakupiga kidevuni. Kuufunga kutahitaji kuning'inia. Na vyuma vinavyoshika shokapu vitavutwa siku kwa siku mpaka vilegee. Waliounda motokaa walipima. Fuata namba yao.

Kuhusu zilizotumika, zile zinazong'olewa katika motokaa zilizokatwa, sikukatazi, maana najua bei ya mpya. Lakini ipime kwanza. Tafuta mizani ya kukanyaga, ile ya kupimia watu. Weka ubao mdogo juu yake, simamisha shokapu wima, ufito ukielekea chini, kisha lishindilie bomba kwa mikono miwili bila kulipinda. Tazama mizani ufito unapoanza kuingia polepole. Kama imeandikwa 400N, mizani yapaswa kuonyesha kilo 41 hivi. Ikionyesha 25, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Lakini usiweke uso wako juu yake, maana ikiteleza hurudi kwa nguvu. Katika mbili tulizoletewa kwanza sisi, moja ilionyesha kilo 28, nami nilifurahi kuwa mizani ilikuwapo.

Kazi ya kuzifunga ni ya nusu saa, na mtu mwenye utulivu aweza kuifanya mwenyewe akiwa na mwenzake. Mtu wa pili si anasa. Iegeshe motokaa mahali pa tambarare, siku isiyo na upepo mkali. Fungua mlango mpaka mwisho, kisha uutegemeze kwa mti wenye nguvu uliokatwa kwa urefu kamili, ncha yake ya juu ukiifunga kitambaa isikwaruze rangi. Mwenzako aushike mlango vilevile, wala asiuache hata kidogo. Mti unateleza, hayo tumekwisha kuyaona. Watoto waondoke kabisa mahali hapo.

Neno kubwa kuliko yote ni hili: usifungue shokapu zote mbili kwa pamoja. Ondoa moja, weka mpya, ndipo uende upande wa pili. Hata ile iliyochoka inasaidia kidogo ingali mahali pake.

Ncha za shokapu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni kikombe kidogo kilichokaa juu ya kichwa cha mviringo kama gololi. Juu ya kikombe utaona chuma chembamba kilichopindwa, ndicho kipini kinachokizuia kisitoke. Chukua bisibisi bapa ndogo, itie chini ya kipini, ukiinue kidogo tu, milimita chache, huku unakivuta kikombe kuelekea kwako. Kitatoka. Usikitoe kipini chote, kitaruka majanini nawe utakitafuta mpaka jioni. Namna ya pili imefungwa kwa bolti, na hapo watumia spana. Bolti za motokaa kuukuu hushika kutu, basi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na ufungue taratibu. Ikikatika bolti ndani ya bodi, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili.

Kabla ya kuweka mpya, futa vichwa vile vya gololi, utazame kama havikulika. Tia grisi kidogo, kama punje ya mtama, ndani ya kikombe. Huko grisi ina kazi. Kisha tazama zile za zamani zilikaaje, ufito upande gani. Kwa kawaida, mlango ukiwa umefungwa, ufito yafaa uelekee chini na bomba juu, ili yale mafuta kidogo yaliyo ndani yashukie kwenye sili na kuilowesha. Hata dukani au stoo yafaa shokapu iwekwe ufito chini. Iliyolala rafuni miaka mingi sili yake yaweza kukauka kabla haijafanya kazi siku moja.

Ncha ya kwanza ikiisha kuingia, sukuma ya pili kwa kiganja mpaka usikie mlio, ta! Bila mlio huo haijashika. Ikiwa haifiki kwenye kichwa chake, usijaribu kuikandamiza kwa mikono, hutaiweza; mwambie mwenzako auinue au aushushe mlango kidogo mpaka zikutane. Zikiwa zimekaa zote mbili, vuta kila ncha uone haitoki. Ondoa mti. Shusha mlango polepole mara ya kwanza, ukichungulia pembeni kama bomba haligusi kitu. Kisha ufunge, ufungue, ufunge tena, mara 5 au 6. Siku chache za mwanzo utauona mzito kufunga kuliko ulivyozoea. Hiyo ndiyo nguvu yake ya asili. Wewe ulikuwa umezoea ugonjwa.

Zimebaki zile kuukuu, na hapa nawasihi sana, hasa wazazi. Shokapu isiyoweza tena kubeba mlango bado ina gesi ndani, na yaweza kuwa nyingi. Usiitupe katika shimo la takataka. Sisi sote twajua takataka zetu hufanywaje: hutiwa moto. Bomba likipata moto gesi hutanuka, nalo hupasuka kama risasi. Usimpe fundi wa kuchomelea alikate au aliunge kitu. Usilitoboe. Wala usiwaachie watoto, ambao hupenda chuma kinachong'aa na watakigeuza upanga kabla ya jua kuchwa. Sisi zetu tulizifungia stoo, tukazipeleka gereji ambako fundi mkubwa alikubali kuzipokea, nami nilimwambia kwa kinywa changu kwamba zina gesi. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu apitaye mitaani na mkokoteni, ukitaka kumwuzia, mwambie vilevile, maana naye hupiga nyundo.

Mwaka uliofuata, asubuhi za Juni, niliwahi kutoka mara kadha kabla ya chai na kuufungua mlango ule nikiwa na saa mkononi. Dakika 5, dakika 10, haukushuka hata upana wa kidole. Mpini wa jembe umerudi shambani. Mama yule bado anatupikia. Lakini kila anapokuja kutoa sufuria, kwanza huunyoshea mlango mkono wa kulia, akausukuma juu kidogo kuujaribu, akangoja; ndipo huinama. Mimi husimama kando nikaushika mpaka amalize.